Dawa Pekee Haiponyi: Ni Nani Anayemfunza Mfanyakazi wa Jamii?

Na Daktari Wetu

Wiki hii sitakuandikia juu ya ugonjwa. Nitakuandikia juu ya mtu. Yamkini umewahi kumpita katika ujia wa hospitali, ameketi katika chumba kidogo chenye meza moja na faili nyingi, nawe ukadhani ni karani. Huyo ni mfanyakazi wa jamii. Mimi mwenyewe nilihitimu udaktari na kutibu watu kwa miaka kadhaa kabla sijatambua kwamba baadhi ya wagonjwa wangu hawakuhitaji dawa nyingine kutoka kwangu. Walimhitaji yeye.

Hebu nikupe mfano. Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu mama mmoja wa makamo kutoka viungani mwa Ruiru. Alikuwa akifanya vibarua katika mashamba ya kahawa. Alikohoa, alitoka jasho usiku, nguo zilikuwa zikimpwaya. Vipimo vilionyesha kifua kikuu. Kama ujuavyo, kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Alianza dawa. Baada ya wiki tano akatoweka.

Alirejea miezi mitatu baadaye akikohoa kuliko mwanzo. Nilimfokea, sikufichi. Nilimweleza kwamba anayekatiza dawa huwapa vijidudu nafasi ya kuwa sugu, na kwamba kifua kikuu sugu ni kazi ngumu zaidi kukitibu. Aliinamisha kichwa akaitikia, "Ndiyo, daktari." Akaanza upya. Akatoweka tena.

Wakati huo kituoni palikuwa na mwanafunzi wa kazi za jamii aliyetumwa na chuo chake kwa mafunzo ya nyanjani. Tulimwomba amtembelee mama yule. Alikwenda na fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya mume, watoto, mwajiri na mshahara wa mwezi. Mama hakuwa na mume, hakuwa na mwajiri mmoja, wala hakujua mshahara wa mwezi ni kitu gani, kwani alilipwa kwa debe la kahawa. Mwanafunzi akaandika: "Hana msaada wowote." Akapendekeza mgonjwa apewe ushauri nasaha. Na ushauri, msomaji, nilikuwa nimekwisha kumpa mimi, tena kwa sauti ya juu.

Muhula uliofuata alikuja mwanafunzi mwingine, kutoka chuo kingine. Yeye hakuanza na fomu. Aliketi kwenye kigoda, akasaidia kuchambua maharagwe, na baada ya muda akauliza: "Mama, ukifiwa leo, ni akina nani watakaolala hapa kwako?"

Mama alitaja majina saba bila kusita. Walikuwa wanawake wenzake wa chama.

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Mama alikuwa akilea wajukuu watatu. Dawa zilipoanza kufanya kazi, hamu ya chakula ilimrudia kwa nguvu, kama inavyowatokea wagonjwa wengi wa kifua kikuu wanaopata nafuu. Akawa na njaa ambayo hakuwahi kuijua, na chakula kilichokuwamo nyumbani kilikuwa cha watoto. Basi aliacha dawa ili njaa imwondokee. Zaidi ya hayo, siku ya kuchukua dawa ilikuwa siku ya kukosa kibarua.

Mwanafunzi yule aliomba idhini ya mama kabla ya kuzungumza na mtu yeyote. Alipoipata, alikaa na wanachama wawili. Wakakubaliana kupokezana kumchukulia dawa na kumwona akizimeza, tukawaandikia kituoni. Chama kikasogeza mbele zamu yake ya kupokea mchango ili anunue unga na maharagwe. Mama akamaliza miezi sita. Akapona.

Wanafunzi wale wawili walikuwa na akili sawa na huruma sawa. Walichotofautiana ni namna walivyofunzwa. Ndiyo maana nauliza leo: ni nani anayemfunza mfanyakazi wa jamii, na anamfunza kwa vitabu vya nani?

KAZI HII NI IPI HASA?

Watu wengi humchanganya mfanyakazi wa jamii na mfadhili anayegawa unga, au na mhamasishaji wa afya anayezunguka mtaani na mkoba wake akipima presha. Hao wana kazi zao, nazo ni muhimu. Mfanyakazi wa jamii amesomea kuchunguza jinsi shida ya mtu ilivyofungamana na nyumba yake, kipato chake, jirani zake na sheria za nchi, kisha kumsaidia afungue fundo hilo. Hospitalini hupima ni nani hawezi kulipa ada, hutafuta jamaa wa mgonjwa aliyeachwa wodini, huzungumza na mzazi wa mtoto aliyepigwa au kunajisiwa, na huandaa safari ya mgonjwa kurudi nyumbani.

Kazi hii na udaktari ni ndugu wa tangu zamani. Mwaka 1895 Royal Free Hospital ya London ilimwajiri Mary Stewart awahoji wagonjwa na kujua ni nani mwenye uwezo wa kulipa na ni nani maskini kweli. Miaka kumi baadaye, mnamo 1905, Dkt. Richard Cabot wa Massachusetts General Hospital, mjini Boston, Marekani, aliona kwamba alikuwa akiwaandikia maskini mapumziko na lishe bora, mambo ambayo hawakuwa na njia ya kuyapata. Akamleta Garnet Pelton afanye kazi ya kuwafuata wagonjwa katika maisha yao. Pelton mwenyewe aliugua kifua kikuu, na Ida Cannon akashika nafasi yake na kuijenga kazi hiyo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo yale niliyojifunza kwa mama wa Ruiru, daktari mwenzangu alikuwa ameyajua zaidi ya miaka mia moja kabla yangu. Somo hilo halikunifikia darasani.

MBEGU YA KIGENI, UDONGO WA KWETU

Ushirikiano wa kimataifa katika kuwafunza wafanyakazi wa jamii si jambo jipya nchini. Mwaka 1962, kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa, shule ya kazi za jamii ilifunguliwa Machakos kwa ushirikiano wa Kenya na Israeli. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha shahada ya kazi za jamii mwaka 1976. Jirani zetu nao walikuwa mbioni: Makerere ilianza shahada yake mwaka 1969, na Tanzania ikaanzisha chuo chake cha ustawi wa jamii, jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 1970.

Lakini vitabu vilivyosomwa viliandikwa Uingereza na Marekani. Vilieleza mteja mmoja anayekuja ofisini, akiketi mbele ya mtaalamu mmoja, katika nchi ambapo asiye na kazi hulipwa na serikali na mzee hupata malipo yake ya uzeeni. Mwanafunzi alihitimu akijua namna ya kumhoji mtu wa Chicago, kisha akapelekwa Kiandutu, mtaa wa mabanda hapa Thika, ambako jirani ndiye bima, nyanya ndiye mlezi, na chama ndicho benki. Ile fomu niliyokusimulia ilizaliwa katika vitabu hivyo. Haikuwa na nafasi ya chama kwa sababu aliyeitunga hakukijua.

Simaanishi kwamba elimu ya nje haina maana. Namna ya kutunza siri ya mteja, kutomhukumu, kuandika kumbukumbu sahihi na kufuata sheria ni mambo yanayofaa popote. Tatizo ni kuichukua mbegu kama ilivyo bila kuupima udongo.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Mwaka 2011 ulianza mradi ambao ningependa uujue, kwani ulijaribu kulirekebisha hilo. Ulijulikana kwa kifupi kama PROSOWO. Uliunganisha vyuo vitano: Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere ya Uganda, Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, na chuo kimoja cha jimbo la Carinthia, kusini mwa Austria. Fedha zilitoka kwa serikali ya Austria kupitia mpango wake wa kushirikiana na vyuo vya nchi zinazoendelea, uitwao APPEAR. Miongoni mwa waliouongoza walikuwa Helmut Spitzer wa Austria, Janestic Twikirize wa Makerere na Gidraph Wairire wa Nairobi.

Washirika hawa walianza na utafiti katika nchi za Afrika Mashariki. Waliwauliza wafanyakazi wa jamii wanafanya nini hasa kila siku, wanasaidiaje kupunguza umaskini, na waliyofunzwa chuoni yanawafaa kiasi gani. Waligundua mambo ambayo sisi wa hospitali tunayaona kila siku: vitabu vya kigeni vilitawala madarasa, maandishi ya kwetu yalikuwa haba, mafunzo ya nyanjani hayakusimamiwa ipasavyo, na watu wengi waliobeba jina la mfanyakazi wa jamii hawakuwa wameisomea kazi hiyo.

Baada ya utafiti walipitia mitaala na kuandika vitabu. Mwaka 2014 shirika la Fountain Publishers la Kampala lilichapisha kitabu kikubwa juu ya kazi za jamii Afrika Mashariki, kikihaririwa na hao watatu niliowataja. Mwezi wa Machi mwaka huohuo wasomi na wafanyakazi wa jamii walikutana Kampala kwa kongamano la kimataifa. Awamu ya pili ya mradi, iliyomalizika mwaka 2019, iliiongeza Burundi kupitia Chuo Kikuu cha Hope Africa, na shabaha yake ikawa kuchunguza njia ambazo Waafrika wenyewe wamekuwa wakitumia kusaidiana. Kitabu kingine kikatoka mwaka huo wa 2019.

Njia hizo unazijua. Kwetu ni chama, harambee na matanga. Kusini-magharibi mwa Uganda, katika sehemu za Kabale, kuna vikundi vya kijiji vilivyoanza kwa kuzikana na kubebana wagonjwa hadi hospitalini. Rwanda kuna jioni ya wazazi, ambapo majirani hukutana kuzungumza juu ya watoto, ugomvi wa nyumbani na lishe. Zamani mwanafunzi angeyaita hayo mila tu. Sasa anaweza kufundishwa kuyapima kama daktari anavyoipima dawa: yanamsaidia nani, yanamwacha nani nje, na yanaweza kumdhuru nani.

Hapo naomba unielewe vizuri. Si kila kilicho chetu ni chema. Chama chaweza kumfukuza anayeshindwa kuchanga. Wazee wa ukoo waweza kumaliza kesi ya mtoto aliyenajisiwa kwa mbuzi wawili. Mfanyakazi wa jamii aliyefunzwa vyema hujua lini akae na wazee na lini aende polisi.

Dunia nayo ilianza kusikia. Mwezi Julai 2014, huko Melbourne, Australia, mashirika ya kimataifa ya wafanyakazi wa jamii na ya shule zao yalipitisha maelezo mapya ya taaluma hii. Yanataja waziwazi kwamba maarifa ya wenyeji ni sehemu ya msingi wake, pamoja na haki za binadamu na wajibu wa watu wote kwa pamoja.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SISI

Pengine unajiuliza, mambo ya vyuo vya Austria na Makerere yanamhusu vipi mtu anayepanda matatu kila asubuhi kutoka Ruiru kwenda mjini?

Tazama hesabu ya watu. Mwaka 2009 Ruiru ilikuwa na watu 238,858. Kufikia sensa ya 2019 walikuwa 490,120. Mji umeongezeka zaidi ya maradufu kwa miaka kumi. Thika ilikuwa na 251,407. Wengi wetu ni wageni hapa. Tumefuata kazi za viwandani, vibarua vya mashamba, masomo, au nyumba za kodi nafuu kandokando ya barabara kuu. Jirani wa ghorofa ya pili hamjui wa ghorofa ya tatu. Mtu akiugua akili, akizeeka peke yake au akipigwa na mumewe, yule shangazi ambaye angeingilia kati yuko Murang'a, Kitui au Kakamega.

Tazama pia watoto. Kwa miaka mingi tulizoea kuona makao ya watoto yakifunguliwa kila pembe, na wageni wakija kujitolea humo kwa wiki mbili tatu. Sisi madaktari tunajua kwamba mtoto mchanga anayelelewa katika jumba lenye walezi wachache, wanaobadilika kila mara, aghalabu huchelewa kukua, kusema na kuamini watu. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 vinataka watoto warudishwe hatua kwa hatua katika familia, ziwe zao au za kulea.

Lakini huwezi kumtoa mtoto kwenye makao ukamshusha mlangoni kwa mjomba kama gunia la viazi. Lazima mtu aende kwa mjomba kwanza, ajue ni kwa nini mtoto aliondoka, aone atalala wapi na ni nani atakayekuwa naye usiku, kisha arudi tena na tena. Akikosea, mtoto huishia barabarani, au katika mikono iliyomuumiza hapo awali. Kazi hiyo haifanywi kwa moyo mwema pekee.

Na sisi ni wenyeji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kina makao yake makuu Thika, Zetech kiko Ruiru, na katikati, pale Juja, kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Wanafunzi wa kazi za jamii kutoka vyuo mbalimbali hutumwa katika hospitali, ofisi na mitaa yetu kwa mafunzo ya nyanjani. Mlango wako ndio darasa lao.

PASIPO UKAMILIFU

Ushirikiano wa namna hii una kasoro zake. Fedha za mradi zina mwisho, na kitabu kizuri hakimlipi mshahara mtu wa kumsimamia mwanafunzi kule Kiandutu. Katika ubadilishanaji, mara nyingi mwanafunzi wa Ulaya hupata nauli na viza kwa urahisi kuliko wa kwetu. Aliyefunzwa vizuri naye hutamaniwa: Uingereza, kwa mfano, imewaajiri wafanyakazi wa jamii wengi kutoka Zimbabwe.

Kuna pia suala la sheria. Mimi siwezi kukutibu bila kusajiliwa na baraza la madaktari, na nikikosea unajua pa kunishtaki. Mradi wa PROSOWO ulipoanza, Kenya haikuwa na sheria ya namna hiyo kwa wafanyakazi wa jamii, na mojawapo ya madai ya wasomi wale ilikuwa taaluma hii itambuliwe na kulindwa kisheria. Nakubaliana nao kabisa. Anayeingia nyumbani kwako na kusikia siri za watoto wako anapaswa kuwa mtu anayejulikana na anayeweza kuwajibishwa.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, ukilazwa au ukiwa na mgonjwa katika hospitali ya umma, uliza ofisi ya mfanyakazi wa jamii mapema. Usingoje siku ya kuruhusiwa kutoka, huku ada imekwisha kulimbikizana. Mweleze hali yako ilivyo, bila kuongeza wala kuficha. Kumbuka, mficha uchi hazai.

Pili, mwanafunzi akibisha hodi, mkaribishe, lakini mwombe barua ya chuo na jina la anayemsimamia. Una haki ya kujua habari zako zitaandikwa wapi na nani atazisoma. Una haki ya kukataa swali, na ya kukataa kupigwa picha. Hapaswi kukutoza hata senti moja.

Tatu, kama mwanao anataka kusomea kazi hii, kabla ya kulipa karo uliza chuo maswali matatu: Atakaa nyanjani kwa muda gani? Ni nani atakayemsimamia huko, na yeye mwenyewe amesomea kazi za jamii? Je, miongoni mwa vitabu atakavyosoma, vimo vilivyoandikwa Afrika Mashariki? Chuo kinachobabaika katika swali la pili kitakupa mhitimu wa fomu.

Nne, ukiona mtoto anateswa au ametelekezwa, piga simu nambari 116. Ni ya bure, na hupokewa usiku na mchana. Usisubiri ushahidi kamili. Kuuchunguza ni kazi ya waliofunzwa.

Mwisho, nina neno kwa madaktari na wauguzi wenzangu wanaosoma ukurasa huu. Mgonjwa akikatiza dawa mara ya pili, usipandishe sauti kama nilivyofanya mimi. Mwite mfanyakazi wa jamii, na kama kituo chako hakina, anza kumdai. Yule mama wa Ruiru alikuwa na watu saba wa kumsaidia tangu siku ya kwanza aliyoketi mbele yangu. Ni kwamba sikujua kuuliza.